Taa ya Geti Imeungua

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi na mimi nimeanza kazi. Naandikia nyumbani kwa sababu kule ndani kalamu hairuhusiwi, wala karatasi, wala simu. Unaviacha kwenye kikabati cha chuma mlangoni, unapewa ufunguo wa kuning'iniza shingoni. Daftari hili ni lile la adhabu la bweni. Miaka kumi na saba nilikuwa msimamizi wa bweni, na kila tusi la mwanafunzi nililiandika humu: jina, tarehe, viboko vingapi. Shule imefungwa, kurasa nyingi zimebaki nyeupe. Si vizuri kutupa karatasi.

Kazi yenyewe iko hivi. Kuna mchezo wa kwenye simu, watu wanajenga vijiji vya mawe na kuvilinda, huku wanaandikiana. Mtu akitukana, au akilalamikiwa, maneno yanakatwa kipande: mstari wenyewe, mitatu ya juu yake na mitatu ya chini. Kipande kinakuja kwangu. Nina sekunde arobaini na vitufe vitatu: Acha, Adhabu, Peleka Juu. Adhabu ya kwanza ni siku tatu bila kuandika. Ya pili, wiki nzima. Ya tatu unafungwa mdomo kabisa.

Kiongozi wa zamu, kijana mwenye tai, aliniuliza kama matusi yatanisumbua.

"Mwanangu," nikamwambia, "nimelala mlango mmoja na wavulana mia na ishirini."

Akacheka. "Basi mzee wangu umefika nyumbani."

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Vipande mia nne na kumi. Nimesoma viungo vya mwili ambavyo hata daktari angeuliza viko wapi.

Alhamisi, 6 Machi

Inayotuhusu ni Kanuni ya Nne, lugha chafu, kurasa kumi na moja. Tusi la kiungo, tusi la kitendo, tusi la mzazi. Neno lenye nyota katikati ni tusi vilevile, maana nyota haifichi kitu, kama nguo iliyolowa. Ukimwita mtu kinyesi ni adhabu, ukiliita hivyo jiwe ulilojikwaa ni acha. "Mjinga" ni acha. "Mjinga kama mama yako" tumebishana mpaka chai ikapoa.

Shida ni kwamba kila kipande kinatokea kwa watu wawili kwa wakati mmoja. Mkitofautiana, kinakwenda kwa kiongozi na wote mnakatwa alama. Ukipeleka juu, unakatwa alama pia kama kiongozi ataona ulimpotezea muda. Mwenzangu ni mama wa meza ya kushoto, wenyewe wanamwita Mama Sweta, kwa sababu anavaa sweta mbili, baridi ya kiyoyozi cha ukumbini ni kali. Leo aliniinamia.

"Kaka, unaumia bure. Ukiona cha adhabu, kohoa mara mbili. Cha kuacha, mara moja. Na mimi nitakukoholea."

"Si ndiyo kuibia mtihani huko?"

"Ni kikohozi. Msimu wa mvua huu, nani atatushangaa?"

Kufika saa nane mchana alama zangu zilikuwa za tatu ukumbi mzima.

Jumanne, 11 Machi

Nina kumbukumbu nzuri ya maneno, bweni ndilo lilinifundisha. Kipande hiki nakiandika kilivyokuwa, maana kiliniudhi. Mmoja anajiita Jirani, mwingine Kucha.

Jirani: Habari za mchana.
Jirani: Taa ya geti lenu imeungua.
Jirani: Nyumba inakuwa giza, si vizuri kwa msichana.
Kucha: (tusi la mama, zima, na jingine juu yake)
Jirani: Nimekusamehe.

Nikakohoa mara mbili. Mama Sweta akakohoa mara mbili. Adhabu. Mtu anaambiwa taa imeungua, yeye anamjibu kwa mama! Huyo Jirani anaweka nukta, anaanza na herufi kubwa, anasalimia. Amelelewa.

Nimemsimulia mke wangu akiwa anakunja nguo.

"Kwani huyo Jirani anajuaje taa yao imeungua?"

"Si jirani?"

"Jina la kwenye mchezo hilo. Mwenzake anaitwa Kucha, ni kucha?"

Nikamwambia kazi yangu ni matusi, taa ni kazi ya fundi. Akasema "mh," akaendelea kukunja.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Paa la chumba cha chai linavuja juu ya kiti cha kiongozi tu. Hakuna aliyehuzunika.

Jumatano, 19 Machi

Kucha tena.

Jirani: Umeacha viatu kibarazani, vinalowa.
Jirani: Vile vya kamba nyekundu.
Jirani: Nimevisogeza ndani kidogo.
Kucha: (matusi, mstari mzima)

Nilitumia sekunde nane. Kukohoa mara mbili, kukoholewa mara mbili, wiki nzima bila kuandika. Nilisema moyoni, sikio la kufa halisikii dawa.

Sasa hivi nimeliandika hilo neno "nimevisogeza" nikalitazama. Halafu mke wangu akaita chakula.

Jumatatu, 24 Machi

Mafua yameingia ukumbini. Kila meza ni vikohozi na leso. Mtu akikohoa siku hizi sijui kama anaumwa au anafanya kazi. Mimi mwenyewe kifua kinawasha tangu Jumamosi.

Alhamisi, 27 Machi

Naomba niandike polepole.

Saa tano na kitu asubuhi. Mvua inapiga bati mpaka humsikii mtu. Kikatokea hiki.

Jirani: Wiki nzima hukuandika. Nilikuwa na wasiwasi.
Jirani: Mama yako ni mtu wa kuamini watu. Nimempenda.
Jirani: Siku akitoka nitakuja kutengeneza ile taa.
Kucha: (matusi matatu, halafu kwa herufi kubwa) SOMENI HAPO JUU (halafu matusi tena)
Jirani: Pole pole, mtoto mzuri.

Nikasoma hapo juu. Nikarudia. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha Peleka Juu, hilo nitaliapia popote. Lakini nikaanza kuhesabu. Hakuna tusi kwa Jirani. Kwa Kucha yapo matano. Mwenzangu ataona nini? Kiongozi ataona nini? Saa inasoma sekunde ya thelathini na moja. Nikasubiri Mama Sweta anisaidie.

Akakohoa mara mbili.

Nikabonyeza Adhabu. Ilikuwa ya tatu. Kile kijisanamu cha Kucha kikawekewa alama ya mdomo ulioshonwa, ndivyo inavyoonekana kwenye kioo, halafu kikaja kipande kingine cha watu wanaotukanana kwa ajili ya ng'ombe wa kuchora.

Ijumaa, 28 Machi

Chumba cha chai. Nilimvuta Mama Sweta pembeni, karibu na ndoo inayokinga maji ya paa.

"Jana ulinikoholea kile cha Kucha."

"Mimi? Wewe ndiye uliyenikoholea."

"Mama Sweta, mimi sikukohoa kikazi."

"Ulikohoa mara mbili, kaka, nimekusikia kwa masikio yangu. Mimi nilitaka kukipeleka juu. Nikasema, huyu mzee kakaa na watoto miaka yote, anajua."

Tukatazamana. Akapangusa pua kwa mkono wa sweta ya juu. Mimi nikakohoa palepale, kifua tu, mara mbili, na nilipomaliza hakuna aliyecheka.

"Mafua," akasema.

"Mafua."

Nikamuuliza, basi kwa nini yule mtoto anatukana kila mara, si angelalamika kistaarabu? Akaniangalia kama nilivyokuwa nawaangalia wanafunzi wageni.

"Lalamiko lisilo na tusi linakaa foleni, kaka. Siku sita, saba. Likizeeka linafutwa. Lenye tusi mashine inalileta saa hiyohiyo mbele ya mtu. Watoto wanajua hilo kuliko sisi. Yule alikuwa anagonga mlango."

Nimerudi nyumbani kwa miguu, mwavuli nimeusahau kazini. Mara tatu ameugonga. Mara tatu mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya mlango.

Nataka kuandika kwamba ni kosa la mafua. Nimeandika, nimefuta. Kikohozi hakina kidole.

Jumanne, 1 Aprili

Nimekwenda kwa kiongozi wa zamu. Nikamtajia mistari yote ya Jirani kwa kichwa, kuanzia ya taa.

"Tusi liko wapi, mzee wangu?"

"Hakuna."

"Kanuni inasema lugha chafu. Sasa nionyeshe uchafu: taa, viatu, au mama?"

"Vyote kwa pamoja."

"Vyote kwa pamoja si neno." Hakusema kwa dharau, alisema kama mtu anayemfundisha mzee kutumia lifti. "Vitisho ni Kanuni ya Saba, jengo lingine, nao wanataka liwepo neno la kutishia. Kuua, kupiga, kuchoma. Kutengeneza taa?"

"Na yule aliyefungwa mdomo, akitaka kulalamika?"

"Kulalamika ni kuandika. Kafungwa kuandika."

"Kwa hiyo yeye hawezi kumjibu, na huyu anaweza kuendelea kumwandikia."

Akaitazama saa ukutani. "Wewe ndiye uliyebonyeza, mzee wangu. Na ulibonyeza sawasawa. Mlikubaliana."

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Hakuna kitu.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Kila kipande natafuta jina la Jirani kabla ya kusoma. Mama Sweta hakohoi tena. Hata mafua yakimbana anatoka nje.

Ijumaa, 4 Aprili

Limekuja. Lalamiko la mchezaji mwingine, halina tusi, limekaa foleni siku sita. Ameandika: "Huyu mtu ananiogopesha." Kipande ni hiki.

Jirani: Unamwona Kucha? Haandiki tena. Amekuwa na adabu.
Jirani: Pazia lake halifunguliwi siku hizi.
Jirani: Si neno. Geti nalijua, na mama nimemzoea.

Nikabonyeza Peleka Juu bila kusikiliza mtu. Nikageuka kushoto. Mama Sweta alikuwa ameshabonyeza, kitufe kilekile, mikono ameiweka mapajani kama yuko kwa hakimu. Tulikubaliana, mara ya kwanza bila kukohoa.

Dakika mbili baadaye kikarudi kutoka juu. Acha.

Jumamosi, 5 Aprili

Asubuhi nilikwenda kituo cha polisi na daftari hili kwapani, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Askari alikuwa na heshima.

"Msichana anaitwa nani?"

"Kucha."

"Jina la baba?"

"Silijui."

"Anakaa wapi?"

"Nyumba yenye geti. Taa imeungua."

Akafunika kalamu yake. "Baba, mvua hii nusu ya mji taa zimeungua."

Nilipotoka nilikaa kwenye benchi la nje, nikafungua kurasa za mbele, za zamani. Majina ya watoto wa watu. Fulani, katamka neno la kinyesi, viboko vinne. Fulani, katukana mzazi, sita. Kurasa themanini, na hakuna hata mahali pamoja nilipoandika alimwambia nani, na kwa nini.

Kuna jina moja halimo humu, maana halikuwa la bweni. Binti yangu. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Rafiki yangu, mwalimu wa hesabu, alikuwa anakuja nyumbani kumsaidia masomo, mtu mpole, anavua viatu mlangoni. Siku moja mezani, mbele yetu sote, binti yangu alimwita neno ambalo sikujua kama analijua. Nilimpiga kofi. Nikampigisha magoti amwombe mwalimu msamaha. Aliomba. Mwalimu akasema, "Nimemsamehe." Muhula uliofuata binti akaomba ahamie kwa dada yangu, na mimi nikasema vizuri, huko atafundishwa adabu. Miaka minne. Tunasalimiana kwenye misiba.

"Nimemsamehe." Sikukumbuka mpaka leo, kwenye benchi, kwamba lilikuwa neno lilelile la Jirani.

Jumapili, 6 Aprili

Nilikwenda kwa dada. Binti yangu alikuwa sebuleni anapiga pasi. Akanipa shikamoo, pasi haikusimama.

"Naomba unifundishe kucheza mchezo," nikamwambia.

Dada yangu alicheka mpaka akakaa. "Uzee mwema huo, kaka."

Nikamweleza binti yote, kuanzia taa. Vikohozi sikuvificha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akazima pasi, akaingia kwenye mchezo kwa simu yake, akaandika jina la Kucha. Kumbe kijiji cha mtu hubaki hata mwenyewe asipokuwepo. Kilikuwa kikavu, hakuna mtu, kuta zimeanguka upande mmoja.

"Ameacha kulinda," binti akasema. "Lakini amejenga kitu nyuma. Subiri nipande juu."

Akainua picha mpaka tukawa tunaangalia kama ndege. Nyuma ya kijiji kulikuwa na mawe meupe yaliyopangwa chini, jiwe moja moja. MPIGIENI MAMA. Chini yake, namba ya simu.

"Mashine haisomi mawe," akasema. "Walimfunga mdomo, mikono hawakuifunga."

"Lakini ni mama yake. Kwa nini asimwambie mwenyewe?"

Hapo ndipo aliponitazama, mara ya kwanza tangu niingie.

"Labda alishajaribu, Baba. Labda alianza vibaya, akatumia neno baya, ikaishia hapo."

Dada yangu akatoka kwenda jikoni.

"Yule mwalimu..." nikaanza.

"Piga simu kwanza," binti akasema. "Mimi nimesubiri miaka minne. Huyu sijui kama ana muda."

Nikapiga. Saa tisa na robo mchana. Iliita mara tano.

"Haloo?" Mwanamke, ana haraka, kwa mbali nasikia mvua.

Nikamwambia mimi ni mtu wa ule mchezo anaoucheza binti yake.

"Jamani, barua yenu tumeipata. Tunashukuru sana. Mimi sikujua mwanangu anatukana kiasi hicho, nimesoma nikaona aibu. Simu nimemnyang'anya, kutoka hatoki, yuko chumbani. Msiwe na wasiwasi."

Sikujua kama kuna barua. Hakuna aliyetuambia kwamba adhabu ya tatu inaandikiwa mzazi.

"Mama, sikukupigia kwa ajili ya matusi."

"Hata jirani yetu amenisaidia kumsema. Kijana mstaarabu, amehamia nyumba ya pembeni juzijuzi tu. Mwanangu hata salamu yake hapokei. Samahani, naomba unipigie jioni, natoka mara moja, nimeshafunga mwavuli hapa... nimeshafungua, nasema nini mimi. Jirani mwenyewe yuko getini ananitengenezea taa, namwachia nyumba."

Binti yangu akaishika simu pamoja na mimi, akaibana sikioni kwangu.

"Mama," nikasema, "nakuomba usitoke. Usikate. Kuna maneno nataka nikusomee. Dakika moja. Hayana tusi hata moja."

"Maneno ya nani?"

Binti akanifungulia daftari hili, nilikuwa nimekuja nalo. Nikasoma kama nilivyokuwa nasoma majina bwenini, kwa sauti ya kawaida, neno kwa neno. "Habari za mchana. Taa ya geti lenu imeungua. Nyumba inakuwa giza, si vizuri kwa msichana. Tarehe kumi na moja mwezi wa tatu."

Mvua tu.

"Umeacha viatu kibarazani, vinalowa. Vile vya kamba nyekundu. Nimevisogeza ndani kidogo. Tarehe kumi na tisa."

"Nani kakwambia habari ya viatu?" Sauti ilikuwa imeshuka.

"Mama yako ni mtu wa kuamini watu. Nimempenda. Siku akitoka nitakuja kutengeneza ile taa."

Nikasikia mwavuli ukianguka. Nikasikia hatua za mtu anayetembea haraka lakini hataki kusikika. Halafu komeo la mlango, chuma kwa chuma. Na nyuma ya mlango, kwa mbali, sauti ya mwanaume, laini, haina haraka: "Mama? Mbona unajifungia? Taa iko tayari."

"Usimjibu," nikasema. "Nenda chumbani kwa mwanao. Usimwulize kitu. Kaa naye tu. Polisi wanapigiwa."

Dada yangu alikuwa ameshapiga, amesimama mlangoni na simu yake, anauliza mtaa gani. Yule mama akautaja mtaa, akalia, akautaja tena. Simu ikakatika.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimesimamishwa kazi kwa kutoa maneno nje ya ukumbi. Nimerudisha ufunguo. Mama Sweta alisimama mezani kwake wakati natoka, hakuogopa. Simu ya yule mama haiiti.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua imepungua.

Yule mama amepiga saa nne asubuhi. Polisi walikuta geti liko wazi na ngazi imesimama, mtu hayupo. Nyumba ya pembeni wameikuta na kitanda kimoja na kiti kilichogeuziwa dirisha lao. Wanamtafuta. Yeye na mwanawe wamehamia kwa ndugu, mtaa hakunitajia, na amefanya vizuri. Mtoto anaongea sasa. "Anatukana pia," akasema, "na mimi namwacha amalize."

Hakunishukuru. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Aliandika mara tatu, ameniambia. Mara tatu anaomba mtu asome. Nani huko kwenu alimfunga mdomo mwanangu?"

Binti yangu alikuwa amekaa mbele yangu, amekuja asubuhi bila kuitwa, hajasema bado alichokuja kusema. Alikuwa ananiangalia.

"Mimi, mama," nikamwambia. "Ni mimi."